Swichi ya tatu inaungua botini, na sasa nikipiga honi taa ya geji inawaka

Mpenda Bamvua

Assalaam aleikum wana bahari, na wengine habari zenu.

Nina boti ndogo ya faiba, futi 19, mashine Yamaha 60, naiweka Tudor. Si ya biashara. Ni ya Jumapili: watoto, mishipi miwili mitatu, birika la kahawa. Niliinunua mkononi kwa mtu, na mwenyewe hakuniachia mchoro wowote wa nyaya. Ukifungua kile kifuniko chini ya usukani ni kama kutazama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Waya mwekundu umeungwa na wa njano, mweusi umeungwa na kijani, na kila jointi imefungwa tepu ambayo gundi yake ishayeyuka.

Kinachonisumbua ni swichi ya pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayotuama chini botini. Ya kwanza iliyeyuka upande mmoja ndani ya wiki mbili. Ya pili ilidumu mwezi na kitu. Hii ya tatu ina miezi mitatu, imegeuka kahawia karibu na mguu mmoja, na pampu yenyewe siku hizi inakohoa tu, maji yanatoka kama ya bomba la mtaani saa saba mchana. Fyuzi haijakatika hata siku moja. Fundi niliyemwita alisema swichi ni feki, nunua nyingine. Nikanunua mbili Mwembe Tayari, hii ya tatu nikamwagizia mtu anayesafiri. Hadithi ni ileile.

Juzi likazuka jipya. Napita mbele ya Fort Jesus, kuna mtumbwi ukanikatia njia, nikapiga honi. Honi ikalia kama mbuzi mwenye mafua, na taa ndogo iliyo ndani ya geji ya mizunguko ikawaka! Swichi ya taa sijaigusa. Nikaachia honi, taa ikazima. Nimerudia mara kumi, mara kumi ni vilevile.

Mke wangu asema boti ina jini. Kabla sijaenda kununua ubani, kuna anayejua hii ni kitu gani?

Stima Kila Pembe

Bro, mimi ni fundi wa stima, wiring ya nyumba nimefanya Kisauni yote hadi Bamburi. Hizo swichi za spea za magari ni karatasi. Chukua swichi ya ukutani, ile nzito ya jiko la umeme, inabeba volti 240 na amp kibao. Hizo 12 zako ni mchezo wa chekechea. Na weka fyuzi kubwa kidogo ili swichi isisumbuke.

Mtoto wa Kibokoni

Jini amesikia harufu ya kahawa. Mtilieni kikombe chake kando, atatulia.

Ami Fundi

Wa aleikum salaam. Mpenda Bamvua, swichi ya nne usinunue. Hizo tatu unazozilaumu huenda zote zilikuwa nzima.

Kwanza nimjibu kijana wa stima za nyumba, na asinikasirikie, kwa sababu kosa hili nimelikuta kwenye vyombo vingi na karibu kila mara lilifanywa na fundi mzuri wa nyumba. Stima ya nyumbani hapa Kenya inageuka mara 50 kwa sekunde, maana yake inapita sufuri mara 100 kila sekunde. Ukizima swichi, cheche inayoruka baina ya vile vipande viwili vya shaba inakufa yenyewe, kwa kuwa stima imejikata. Stima ya betri haipiti sufuri. Cheche inavutika kama lami na inaila ile shaba kidogo kidogo kila ukizima. Tazama swichi yoyote iliyotengenezwa na watu waaminifu: ubavuni imeandikwa amp za AC (stima ya nyumbani), kisha amp za DC (stima ya betri), na za DC huwa chache. Swichi ya ukutani haina hata hiyo namba ya pili. Halafu haina mpira wa kuzuia maji ya chumvi.

Kuhusu fyuzi kubwa, hapana. Fyuzi yalinda waya. Ukiweka kubwa kuliko waya, siku pampu ikinaswa na uzi wa mshipi, waya ndio utakuwa fyuzi, na waya unapita chini ya kiti kilicho juu ya tangi la petroli.

Sasa wewe mwenye boti, nijibu matatu. Taa za omo, zile za mbele, nyekundu na kijani, ni za balbu za kizamani au za LED? Swichi inayowasha taa hizo ndiyo inayowasha pia taa za geji? Na mita ya kupimia volti unayo?

Mpenda Bamvua

Shikamoo ami. Balbu za kizamani, zile zenye uzi ndani. Ndiyo, swichi ni moja, ukiwasha za omo na geji zinawaka. Mita ninayo, ya bei rahisi. Nilishapima hapo mwanzo: betri 12.6, kwenye swichi 12.6, na kwenye pampu pia nilipochomoa waya nikaupima ulisoma 12.6. Ndiyo sababu nimechanganyikiwa. Stima inafika!

Ami Fundi

Marahaba. Stima haifiki, mita imekudanganya. Au niseme uliiuliza swali siyo.

Ulichomoa waya pampuni ndipo ukapima. Wakati ule hakuna kinachokunywa stima. Mita yenyewe hainywi kitu, ni kama mtu anayeonja chumvi kwa ncha ya ulimi. Hata waya ukiwa umebaki unyuzi mmoja uliooza, mita itasoma 12.6 na kukwambia salama salimini. Watazame mahamali wa Marikiti wamesimama kando ya mkokoteni, wote wana nguvu. Mtwike mmoja gunia ndipo umjue.

Kwa hiyo fanya hivi, pampu ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi. Tia maji ngamani ndoo mbili, usiizungushe kavu muda mrefu. Waya za mita ni fupi, tafuta kipande cha waya mrefu wowote uongezee.

Pima betri kwanza, nguzo kwa nguzo, pampu ikiwa inazunguka. Halafu pima pale pale pampuni, chanya na hasi yake. Kisha, na hapa ndipo watu hushangaa, weka ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa pampu. Chanya kwa chanya, ndiyo. Utakachosoma ni volti zilizoanguka njiani. Rudia upande wa pili: hasi ya pampu mpaka hasi ya betri. Mwisho ncha zote mbili kwenye miguu ya swichi yenyewe, huku imewashwa.

Wamarekani wana kanuni zao za stima za boti, ABYC. Kwa vitu vya lazima kama pampu ya ngama na taa za njia wanataka kinachoanguka njiani, kwenda na kurudi, kisizidi asilimia 3. Kwa betri ya 12 ni volti 0.36. Redio na vitu vya starehe wanakuachia mpaka asilimia 10. Leta namba.

Nahodha wa Mtwapa

Nafuatilia hapa kwa makini. Ami, ukimaliza na jini la Tudor mie nina langu: mashine inajipandisha yenyewe. Nilikuwa natoka mlango wa mwamba na wageni wanne, maji ya kupwa, ghafla mashine inanyanyuka na propela inapiga hewa. Kidole hakiko kwenye swichi kabisa. Niliombea radhi kila kitu nilichowahi kukosa.

Ami Fundi

Subira, Nahodha, yako naijibu leo leo kwa sababu ni ya hatari kuliko yake.

Swichi ya kupandisha na kushusha mashine, ile ya gumba kwenye mkono wa gia, haiwashi mota moja kwa moja. Inaamrisha rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na stima), ya juu na ya chini, na rilei ndizo zinazobeba stima nzito. Kwa hiyo jini lako mara nyingi hukaa sehemu mbili. Ama maji yameingia ndani ya swichi na chumvi imefanya daraja, ama rilei ya juu imeganda.

Kuzitenganisha ni dakika mbili. Chomoa kile kiunganishi cha swichi chini ya mkono wa gia. Kwa Yamaha utaona nyaya tatu: mwekundu unaleta stima, wa samawati ni wa kupandisha, wa kijani hafifu ni wa kushusha. Kwa Mercury ya kupandisha ni samawati yenye mstari mweupe, ya kushusha kijani chenye mstari mweupe. Ukichomoa na mashine ikaacha kujipandisha, swichi ndiyo mwizi. Ikiendelea, shuku rilei. Na mpaka ujue, usitoke nje ya mwamba.

Mpenda Bamvua

Namba hizi hapa ami. Nimepima asubuhi, maji yamejaa, binti yangu akishika taa ya simu.

Betri pampu ikizunguka: 12.4
Pampuni: 7.3
Chanya ya betri mpaka chanya ya pampu: 1.6
Hasi ya pampu mpaka hasi ya betri: 3.5
Swichi mguu kwa mguu: 0.1

Nilidhani mita imeharibika. Nikakaa kwenye gari nikapiga hesabu: 7.3 na 1.6 na 3.5. Ni 12.4 kamili! Hakijapotea hata kipande.

Pampu imeandikwa amp 3.5. Nilipoipitisha kwenye mita ilikuwa inakunywa 2 tu.

Stima Kila Pembe

Sasa hiyo chanya kwa chanya sijawahi kufundishwa. Nimejaribu na betri ya pikipiki hapa nyumbani, ni kweli. Naondoa maneno yangu ya swichi ya jiko.

Ami Fundi

Hakuna lililoharibika, kijana. Karibu upande wa chumvi.

Mpenda Bamvua, tazama namba zako vizuri. Swichi, ambayo umeibadilisha mara tatu, ina 0.1. Hiyo ni nzima. Lakini upande wa chanya umepoteza 1.6, basi ile 1.5 nyingine iko wapi? Chukua sindano, utoboe kidogo ganda la waya nyuma ya kile kichwa bapa kinachochomekwa kwenye mguu wa swichi, ule mguu uliogeuka kahawia. Ncha moja kwenye sindano, nyingine kwenye mguu wa swichi. Nakisia utaona zaidi ya moja. Ukishapima ziba tundu.

Na nikuulize: ulipobadilisha swichi, vichwa vya waya ulibadilisha?

Mpenda Bamvua

1.3. Subhanallah.

Na hapana, vichwa ni vilevile. Fundi alikuwa akichomoa swichi ya zamani na kuchomeka mpya, dakika moja, analipwa anaondoka. Sasa nikikishika kile kichwa kinacheza kama jino la mtoto.

Ami Fundi

Basi ndiyo hiyo. Kichwa kimelegea na kina kutu ya kijani. Volti 1.3 mara amp 2 ni wati 2.6, zote zinageuka joto mahali padogo kama punje ya hindi, na jirani yake ni plastiki ya swichi. Swichi imekuwa ikichomwa na jirani.

Fyuzi haikukatika kwa kuwa fyuzi hukatika stima ikizidi. Jointi mbovu inapunguza stima. Fyuzi iliona amp 2 ikadhani mambo ni mazuri kuliko kawaida.

Lakini kuna jambo moja kwenye maelezo yako ya mwanzo ambalo ndilo lililonifanya nikuulize haya yote. Ulisema swichi ya kwanza iliyeyuka wiki mbili, ya pili mwezi, ya tatu miezi mitatu na bado imebadilika rangi tu. Mtu angesema swichi zilikuwa zinazidi kuwa bora. Mimi nikasema kuna kitu kingine botini kinachozidi kuwa kibovu, kinapunguza stima, na kwa kuipunguza kinaihurumia swichi. Hicho ni hasi yako. Volti 3.5 zimeanguka upande wa kurudi.

Kwa hiyo angalia sana: ukitengeneza hasi peke yake, pampu itapata nguvu, itakunywa amp 3.5 zake, na kile kichwa kilicholegea kitatoa wati kama 8 badala ya 2.6. Swichi itayeyuka kabla ya Ijumaa, nawe utarudi hapa kusema Ami Fundi ni mwongo. Tengeneza vyote viwili siku moja.

Sasa jini. Honi, taa za omo na pampu zote zinarudisha stima kwenye kipande kimoja cha shaba chini ya usukani, nyaya nyeusi zote zinakutana hapo, na waya mmoja mnene unatoka hapo mpaka hasi ya betri. Sivyo? Huo mmoja umeoza. Unapopiga honi, stima inapita kwenye honi inafika pale, inakuta mlango wa kutokea umebanwa. Inatafuta dirisha. Inapanda kinyumenyume kupitia balbu za omo, maana balbu ya uzi haijali stima inatoka upande gani. Inatokea kwenye waya wa swichi ya taa, unaoshirikiana na taa ya geji. Na taa ya geji hasi yake inarudi kupitia nyaya za mashine, zilizo nzima. Hapo imepata njia ya kwenda nyumbani, na ikipita inaiwasha ile taa ndogo. Za omo hazionekani kuwaka kwa sababu ni kubwa na stima inayopita ni ya taa ndogo. Ungekuwa na LED omo, dirisha lingekuwa limefungwa na usingeliona jini hata kidogo.

Mtoto wa Kibokoni

Yaani jini alikuwa anatafuta mlango wa kutokea tu. Nimemwonea huruma.

Ami na mie swali la kweli, siyo mzaha. Boti ya binamu yangu ukizima ufunguo mashine inaendelea kuunguruma. Anaizima kwa kufinya mpira wa petroli. Tumeambiwa swichi ya ufunguo imekufa, lakini kuwasha inawasha vizuri.

Ami Fundi

Huyo naye asibadilishe swichi kabla hajapima. Swichi ya kuzimia kwenye autibodi nyingi inafanya kazi kinyume na nyingine zote: mashine inazima pale swichi inapounga, siyo inapokata. Inaunganisha waya wa kuzimia, unaotoka kwenye kifaa kinachotengeneza cheche za plagi, na hasi, basi cheche inakufa. Kwa Yamaha ni mweupe na mweusi. Ikiwa mmoja wao umekatika popote baina ya usukani na mashine, unaweza kuzungusha ufunguo mpaka mkono uchoke, haizimi. Na ile kamba nyekundu ya kufunga mkononi, ambayo vijana mnaining'iniza kama urembo, mara nyingi inatumia waya uohuo. Avute kamba mashine ikiwa inawaka, gatini. Isipozima basi siku akianguka majini boti itamwacha au itamzunguka. Asitoke nayo.

Nahodha wa Mtwapa

Nimechomoa kiunganishi, imeacha kujipandisha. Nikafungua swichi: ndani maji, na unga mweupe na kijani baina ya miguu miwili. Ule mpira wa juu una mpasuko mdogo kama ukucha. Mwenzangu mmoja gatini anasema nipulizie WD-40 niendelee na kazi, kesho nina wageni.

Ami Fundi

WD-40 inafukuza maji, hilo ni kweli. Mpasuko haiuzibi. Kesho kutwa mawimbi yakirusha, maji yanaingia tena, nawe uko mlangoni pa mwamba. Weka swichi mpya. Kama wageni ni kesho na swichi haipatikani, acha kiunganishi kikiwa kimechomolewa, na upandishe na kushusha kwa ile swichi iliyo kwenye ubavu wa mashine yenyewe. Zile ncha ulizochomoa zifunge zisiguse maji.

Mpenda Bamvua

Nimefungua leo, Jumamosi nzima imekwenda huko. Nawapa habari kwa urefu kidogo kwa sababu niliyoyaona sikuyatarajia.

Nilianza kwa kuzima swichi kuu na kutoa hasi ya betri kwanza. Kile kipande cha shaba chini ya usukani hakikuonekana shaba, kilikuwa na unga wa kijani mzito kama mtu kakipaka masala. Nati ya waya mnene ilizunguka kwa vidole, sikuhitaji hata spana. Nikakata kichwa cha waya nione ndani: nyuzi nyeusi tititi. Nikakata shubiri moja, nyeusi. Nikakata nyingine, nyeusi. Nimefika dhiraa nzima na bado ni kama masizi, na ganda la nje safi kabisa, halina hata mkwaruzo. Ami, hayo maji yalifikaje huko ndani?

Ami Fundi

Yalinyonywa. Nyuzi nyembamba zilizolala pamoja zinanyonya maji ya chumvi kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Mlango ni pale kichwani, palipokuwa hapakuzibwa. Usiendelee kukata, huo waya wote tupa. Vuta mpya.

Nunua wenye nyuzi nyingi, na nyuzi ziwe zimepakwa bati, utaziona nyeupe. Usikubali ule wa nyumba wenye unyuzi mmoja mnene, mtikisiko wa mashine unauvunja. Kwa boti yako ni mita 5 kutoka tezi, kule nyuma, hadi usukani? Basi kwenda na kurudi 10. Milimita mraba 10 itakubebea amp 20 na ukapoteza kama volti 0.35, na hapo ni kila kitu kikiwa kimewashwa pamoja. Pampu peke yake haitahisi kitu.

Vichwa bana kwa koleo yake maalumu, siyo plaisi, na meno ndiyo kabisa usithubutu. Juu yake vuta ule mrija unaojikunja kwa moto, wenye gundi ndani. Kulehemu peke yake sipendi kwenye boti: lehemu inaufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na hapo hapo ndipo mtikisiko unapokata. Mafundi wengine watabishana nami, sawa.

Nahodha wa Mtwapa

Naongeza moja, msamehe mdomo wangu. Ule mrija usiukunje kwa kiberiti cha gesi ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala ngamani ukingoja. Mimi nafunga vichwa vyote nchi kavu, kisha naingiza waya uliokwisha. Na kabla ya kuwasha chochote baada ya kujaza mafuta, fungua vifuniko, pua iingie kwanza.

Ami Fundi

Mdomo wako hauna haja ya msamaha. Kila nilichoandika kingekuwa bure bila hilo.

Mpenda Bamvua, ukiwa bado umefungua: pampu yako ina floti? Ile inayoiwasha yenyewe maji yakipanda? Kama inayo, waya wake usipite swichi kuu. Uende kwenye betri moja kwa moja na fyuzi yake, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 18, haifiki hata shubiri. Mvua za masika hazikusubiri wewe uje kuwasha swichi kuu.

Mpenda Bamvua

Floti ipo, na kweli ilikuwa inapita swichi kuu. Kwa hiyo mwaka wote nimezima kila kitu na kwenda kulala nikijua pampu inalinda boti. Hailindi kitu. Nimeitenga, fyuzi ya 5 kama ilivyoandikwa kwenye pampu.

Waya mpya niliufunga kwenye ncha ya ule wa zamani kwa uzi wa mshipi, binti akavuta huku mimi nikisukuma kutoka tezi. Ulikwama mara moja chini ya kiti. Kipande kipya cha shaba nimekiweka juu zaidi, mahali ambapo hata mvua ikiingia haikifikii. Vichwa vyote vipya, na swichi, mtacheka, nimerudisha ileile ya tatu iliyogeuka kahawia. Mguu wake nimeupitishia msasa.

Namba za leo, pampu ikizunguka: betri 12.4, pampuni 12.1. Chanya imepoteza 0.2, hasi 0.1. Maji yametoka yakampiga jirani aliyekuwa anapaka rangi mtumbwi wake, tumeombana radhi. Swichi nimeishika dakika kumi, baridi. Honi nimepiga, geji giza tupu.

Stima Kila Pembe

Ile swichi ya tatu ungeibadilisha tu boss, plastiki ikishapikwa haishiki vizuri.

Ami Fundi

Hapo kijana ana haki. Ibadilishe, lakini bila haraka, na hiyo iwe ya mwisho. Sasa kabla hujafunga kifuniko: chora karatasi, kila waya unatoka wapi unakwenda wapi, rangi gani, fyuzi gani. Itie kwenye mfuko wa plastiki uibandike ndani ya kifuniko. Yule aliyekuuzia angefanya hivyo, wewe usingekuwa hapa.

Mpenda Bamvua

Imeshachorwa na kubandikwa, ami. Mwandiko ni wa binti yangu, wangu mimi hausomeki. Pembeni mwa honi ameandika "njia ya jini, imefungwa".

Mtoto wa Kibokoni

Binamu kavuta ile kamba gatini. Haikuzima. Tunafuata waya mweupe sasa hivi, tumefika nusu ya boti.